Kongamano lako la kwanza la altrasaundi: nenda na maswali ya chumba chako

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni sonografa mwenye miaka minne kazini, na muda mwingi napima wajawazito na matumbo. Ikisiri yangu ya kisa cha mimba iliyojishika kwenye kovu la upasuaji wa kujifungua imekubaliwa kuwa bango kwenye kongamano la altrasaundi, na hospitali imeahidi kunilipia. Imebaki kama miezi mitatu. Sijawahi kuhudhuria kongamano lolote, na wenzangu waliowahi kwenda wanasema walirudi na mifuko ya vipeperushi tu. Nijiandae vipi ili safari isiende bure? Na kuna mambo gani nisiyoyajua yanayoweza kunikwamisha?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Umechagua kisa kizuri. Kadiri upasuaji wa kujifungua unavyoongezeka ndivyo sisi wapimaji tunavyokutana na mimba za kwenye kovu, na ikipita bila kutambuliwa katika wiki za mwanzo, mama anaweza kutokwa damu nyingi hata kupoteza kizazi. Watu watasimama kwenye bango lako, na wengi wao watakuwa wamewahi kuona kisa kama hicho wakakitilia shaka.

Hukulitaja jina la kongamano, kwa hiyo nianze na tahadhari. Wapo watu wanaoandaa mikutano ya kitabibu kwa ajili ya kukusanya ada tu. Barua pepe yao hukusifu kupita kiasi, mkutano wao hugusa fani zote za tiba kwa siku mbili, na ikisiri hukubaliwa siku ileile kabla mtu yeyote hajaisoma. Kongamano la kweli lina chama cha wanataaluma nyuma yake. Kwa dunia nzima lipo Shirikisho la Dunia la Altrasaundi katika Tiba na Biolojia, WFUMB, linalounganisha vyama vya kanda mbalimbali, kikiwemo MASU cha Afrika na nchi za Mediterania. Kwa uzazi na magonjwa ya wanawake ipo jumuiya ya kimataifa ya ISUOG, iliyoanzishwa mwaka 1991. Marekani wana AIUM na Uingereza wana BMUS. Mkutano mkubwa wa RSNA, chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, unaofanyika Chicago kila mwaka ni wa radiolojia nzima, na altrasaundi ni sehemu yake tu. Kama mwaliko wako unadai kutoka kwa chama fulani, usibonyeze kiungo kilichomo kwenye barua pepe. Fungua tovuti ya chama chenyewe uone kama kongamano hilo limetajwa humo. Ukilikuta, endelea kwa moyo mweupe.

Sasa niseme lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Anayefaidi kongamano ni yule anayefika na maswali yaliyotoka kwenye chumba chake cha kupimia. Mihadhara mingi siku hizi hurekodiwa, na makala utazisoma ukiwa nyumbani. Kitu ambacho hutakipata kwa njia nyingine ni kukaa dakika tano na mtu aliyekwisha kulitatua tatizo linalokusumbua kila Jumatatu. Mtu huyo hawezi kukusaidia kama tatizo lenyewe hujalitengeneza vizuri kichwani. Wenzako waliorudi na vipeperushi si wavivu. Walifika mikono mitupu, wakachukua walichopewa.

Kwa hiyo kuanzia kesho weka daftari dogo kando ya mashine. Kila jambo likikwama, liandike papo hapo kwa mstari mmoja: mjamzito mnene ambaye vyumba vinne vya moyo wa kijusi havikuonekana, ripoti iliyorudishwa na daktari kwa sababu haikueleweka, kipimo ambacho wewe na mwenzako mlipata majibu mawili tofauti kwa mgonjwa mmoja. Baada ya wiki chache utaona mambo yanayojirudia. Chagua matatu au manne, kisha uyanoe.

Kunoa swali ni kazi yenyewe, hebu nikuonyeshe. Ukimwuliza mtaalamu kuhusu Doppler, yaani kipimo cha mwendo wa damu, "Nifanyeje Doppler iwe nzuri?" atakupa jibu la kitabuni na kuondoka. Lakini ukimwambia, "Nikipima ateri ya kitovu, mara nyingi mtiririko wa mwisho wa diastoli, yaani moyo unapolegea, unatoweka kwenye mashine yetu, ila mama huyohuyo akipimwa kwenye mashine nyingine unaonekana," atasimama. Atakuuliza kichujio cha ukuta umekiweka wapi, kwa sababu kikiwa juu mno kinafuta mawimbi ya kasi ndogo, na mtiririko uliopo unaonekana kama haupo. Atakuuliza skeli ya kasi, kisha pembe kati ya mawimbi ya mashine na mshipa. Atakwambia pia usiandike kwamba mtiririko haupo kabla hujashusha kichujio na kurudia kipimo, kijusi kikiwa kimetulia. Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kubadilisha ripoti zako zote za wajawazito wenye shinikizo la damu, na hayachukui hata nusu ya muda wa chai.

Ukiwa bado kwenye maandalizi, zipime pia probu zako, vile vifaa vya mkononi vinavyogusa mwili wa mgonjwa. Ifute probu, iache bila jeli, iwashe ikiwa inatazama hewani. Utaona mistari ya kung'aa inayolala sambamba karibu na uso wa probu. Iangalie kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mahali ambapo mistari hiyo imekatika na pana kijia cheusi kinachoshuka chini, huenda kristali za sehemu hiyo zimekufa au waya umekatika. Ukitaka uhakika, telezesha taratibu ncha ya kibanio cha karatasi juu ya uso wa probu, bila kukwaruza: kila inapopita, skrini inapaswa kuonyesha mwangwi. Inapopita mahali palipokufa, hakuna kitu. Hifadhi picha hiyo, andika modeli ya mashine na aina ya probu. Utaihitaji kwenye ukumbi wa maonyesho, na nitaeleza kwa nini.

Tuje kwenye bango, maana hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Chukua picha yako moja uitazame kwa macho ya mtu wa nje. Juu kushoto pana jina la mama, namba yake ya hospitali, pengine tarehe ya kuzaliwa. Katikati juu pana jina la hospitali. Kulia pana tarehe na saa. Watu wengi huiweka picha kwenye slaidi, hukata ukingo wa juu, wakaridhika. Programu nyingi za slaidi huficha tu sehemu iliyokatwa, haziifuti. Yeyote atakayepata faili lako ataivuta picha na jina litarudi. Kisanduku cheusi ulichokibandika juu ya jina nacho husogezwa kwa kidole kimoja. Njia salama ni kutoa picha upya kutoka kwenye mashine ukiwa umechagua kuficha taarifa za mgonjwa, au kuikata kwenye programu ya picha na kuihifadhi kama faili jipya kabla haijafika kwenye bango. Klipu za video zina jina kwenye kila fremu, na faili za DICOM, muundo wa kuhifadhi picha za kitabibu, hubeba jina, namba na tarehe ya kuzaliwa ndani yake hata kama uso wa picha ni safi. Angalia na majina ya mafaili. Nimeona wasilisho ambalo picha zake zilikuwa safi kabisa, lakini mwasilishaji alipofungua folda ukumbini, jina kamili la mgonjwa lilikuwa ndilo jina la faili, likaonekana kwenye skrini kubwa.

Kufuta jina peke yake hakutoshi kwa kisa adimu. Ukiandika umri kamili, idadi ya watoto, tarehe ya upasuaji na jina la hospitali, jirani wa mama huyo au muuguzi wa zamu atamjua mara moja. Tarehe zigeuze ziwe wiki za mimba. Umri uweke kwa muongo. Acha chochote ambacho hoja yako ya kitabibu haikihitaji.

Na ridhaa. Mama alipokubali kupimwa hakukubali kuwa kwenye bango. Anahitaji kuombwa upya, kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe wazi jambo moja linalosahaulika sana: watu watalipiga bango picha kwa simu, na picha hizo zinaweza kufika kwenye mitandao. Ana haki ya kukataa, na akikataa matibabu yake hayabadiliki. Uliza pia kama hospitali yako inataka kibali cha kamati ya maadili kwa kisa kimoja. Nyingine zinataka, nyingine zinaridhika na ridhaa na barua ya mkuu wa idara.

Kuhusu bango lenyewe sitakaa sana. Soma maelekezo ya waandaaji ujue kama ni la karatasi au la skrini, la kusimama au la kulala. Kama ni la karatasi, ukubwa wa kawaida ni A0, yaani sentimita 84.1 kwa 118.9. Weka picha tatu kubwa badala ya tisa ndogo. Ya kwanza iwe ya katikati ya kizazi kwa urefu, ionyeshe chumba cha kizazi kitupu, mfereji wa shingo ya kizazi mtupu, na kifuko kilipo kwenye kovu. Ya pili iwe ya karibu, yenye vipimo vya msuli uliobaki kati ya kifuko na kibofu. Ya tatu iwe ya Doppler ya rangi ikionyesha mishipa inayozunguka kifuko. Usiivute picha upande mmoja ili ijae nafasi, kwa sababu kifuko cha mviringo kitageuka yai na kila mpimaji atakiona. Skeli ya kina iache ionekane. Usipige skrini kwa simu hata kidogo. Kabla ya kuchapa bango zima, chapa picha hizo tatu kwenye A4, maana kijivu kinachoonekana vizuri kwenye skrini mara nyingi huwa cheusi tii kwenye karatasi.

Wanaosimama kwenye bango lako watakuuliza maswali ninayoweza kukutajia leo. Msuli uliobaki ulikuwa milimita ngapi? Ulipima kwa probu ya ukeni peke yake, au na ya tumboni mama akiwa na mkojo kiasi kwenye kibofu? Ulijuaje si mimba inayoharibika ambayo ilikuwa njiani kutoka? Hilo la tatu ndilo watakalokubana nalo. Jibu lake liko kwenye mkono wako: ulipoisukuma shingo ya kizazi taratibu kwa probu, kifuko kiliteleza au kilibaki mahali pake? Kinachotoka huteleza, kilichojishika hakitelezi, na chenye mishipa yake ya damu pembezoni kinazidi kukuhakikishia. Kama una klipu ya tendo hilo, ni dhahabu, iweke kwenye simu ikiwa imeshasafishwa jina. Kama hukulifanya, sema hukulifanya, kisha eleza ulichotumia badala yake. Watauliza pia mama aliishia wapi, kwa hiyo fuatilia faili lake sasa. Jizoeze kukisimulia kisa kwa sauti, kwa dakika mbili, mbele ya mwenzako asiyekijua, mpaka aelewe bila kutazama picha.

Ratiba ikitoka, usianze na majina makubwa ya wazungumzaji. Anza na swali hili: kipi hakitarekodiwa? Warsha za mikono na maonyesho ya kupima moja kwa moja jukwaani aghalabu hayarekodiwi, au yakirekodiwa hupoteza nusu ya faida. Hayo ndiyo ya kuhudhuria kwa mwili wako. Nafasi za warsha ni chache, mara nyingi hulipiwa peke yake, na huisha mapema kuliko usajili wa kawaida. Ziombe sasa, na uhakikishe ada hiyo imo kwenye bajeti ambayo hospitali imeikubali. Kwa kila kipindi weka chaguo la pili, kwa sababu vyumba hujaa. Acha na saa tupu kila siku.

Usikose kipindi cha afya ya mpimaji kama kipo. Miaka minne kazini ni muda ambao bega linaanza kulalamika chinichini, na wapimaji wengi mno wanafanya kazi na maumivu hadi wanaiacha fani waliyoipenda. Mapendekezo ya fani yetu ni kutoinua mkono wa probu mbali na ubavu zaidi ya nyuzi 30 hivi. Jipige video siku moja ukiwa kazini ujilinganishe, kisha nenda na video hiyo. Mimi naona kipindi hicho kina thamani kuliko mihadhara miwili ya teknolojia mpya, na huwa hakina watu.

Kwenye onyesho la kupima jukwaani, ukumbi mzima utakuwa unatazama picha. Wewe tazama mikono. Ona jinsi ukingo wa kiganja unavyokaa juu ya mwili wa anayepimwa ili probu isiyumbe. Ona mkono wa pili kwenye paneli: anagusa kina kwanza, kisha fokasi, kisha geini (mwangaza wa picha), na anafanya hivyo kabla hata hujagundua kuwa picha ilikuwa na kasoro. Anapowasha Doppler ya rangi, hupunguza kisanduku cha rangi hadi kibaki juu ya mshipa tu, na picha inakwenda kasi zaidi. Anapopima kasi ya damu anaitafuta pembe iliyo chini ya nyuzi 60, kwa sababu kupita hapo kosa dogo la pembe huzaa kosa kubwa la kasi. Andika mpangilio wa hatua hizo. Picha nzuri utaziona kila mahali, ila mpangilio wa mkono stadi huwa nadra kuuona kwa karibu.

Ukifika zamu yako kwenye warsha, kumbuka kwamba aliyelala kitandani ni mtu aliyejitolea, na taratibu za usalama zinamhusu kama zinavyomhusu mgonjwa. Jina halitajwi, anafunikwa, na ukiona jambo lisilo la kawaida hulitangazi mezani: unamwita msimamizi kando. Kama ni mjamzito, macho yako yawe kwenye namba mbili zilizo ukingoni mwa skrini, kipimo cha joto TI na kipimo cha mitambo MI. Msimamo wa ISUOG ni kwamba Doppler ya mapigo isitumike kama desturi katika miezi mitatu ya kwanza, na inapotumika kwa sababu ya kitabibu TI isizidi 1.0 na muda uwe mfupi iwezekanavyo. Mafunzo peke yake si sababu ya kitabibu. Jicho nalo lina kikomo chake: kwa kanuni za Marekani MI ya jicho haipaswi kuzidi 0.23, wakati sehemu nyingine za mwili hufika 1.9, kwa hiyo usiguse kope la mtu kabla mashine haijawekwa kwenye mpangilio wa macho. Ukiona mtu hajali hayo, una haki ya kusema, hata kama wewe ndiye mdogo chumbani.

Ukumbi wa maonyesho una sifa mbaya kwa sababu watu huuzunguka wakikusanya kalamu. Mimi nauheshimu sana. Fani yetu ilizaliwa kwenye mazungumzo ya mpimaji na fundi. Mwaka 1955 Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, alipeleka uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, akaujaribu kwa kifaa kilichotumika kutafuta nyufa kwenye chuma. Baadaye akaungana na mhandisi Tom Brown, na mwaka 1958 wao pamoja na John MacVicar wakachapisha makala yao katika jarida la Lancet iliyoifanya altrasaundi ya tumbo ichukuliwe kwa uzito. Kwenye mabanda utawakuta warithi wa Brown, ila itabidi uwaulizie.

Anayekupokea mbele ya banda kwa kawaida ni muuzaji. Msalimie vizuri, kisha omba kuonana na mtaalamu wa matumizi ya mashine au mhandisi. Mtaalamu wa matumizi mara nyingi ni sonografa kama wewe aliyehamia kampuni, na anaujua kila mpangilio. Mwonyeshe daftari lako. Kama kampuni yake ndiyo iliyotengeneza mashine unayotumia, muulize namna ya kutengeneza mpangilio wa kudumu kwa mama mnene, na mwombe akuonyeshe vitufe hapo hapo. Mhandisi mpe ile picha ya probu hewani. Atakwambia kama kosa liko kwenye kristali, kwenye waya au kwenye soketi, na kama inatengenezeka au ni ya kubadilisha. Umeondoka na jibu ambalo idara yako ingelisubiri kwa muda mrefu.

Kama hospitali inafikiria kununua mashine, uliza yale ambayo kipeperushi hakiyasemi. Probu ikifa, itachukua siku ngapi kuletwa nyingine, na nani ataigharamia? Dawa gani za kuua vijidudu zinaruhusiwa kwenye probu ya ukeni, na ukitumia nyingine dhamana inakufa? Programu ikiboreshwa mnalipia? Picha zinatoka kwa DICOM bila leseni ya ziada? Kwa zile probu ndogo za kuunganisha na simu, uliza picha zinahifadhiwa wapi, ndani ya kifaa au kwenye seva za kampuni, na ukiacha kulipa ada ya mwaka kifaa kinaendelea kufanya kazi au kinazima? Andika majibu pamoja na jina la aliyekujibu. Maneno ya bandani bila maandishi hayana mtu wa kuyasimamia baadaye.

Yaliyobaki ni ya kiutawala, nayataja haraka. Kama unavuka mpaka, omba barua ya mwaliko kwa ajili ya viza wiki hii, kwa jina lililo kwenye pasi yako herufi kwa herufi. Kata bima ya safari. Uliza baraza lako la taaluma kama linatambua pointi za elimu endelevu za kongamano hilo, maana si kila cheti kinatambuliwa. Na ujue kwamba cheti mara nyingi hakitoki mpaka beji yako imesomwa mlangoni na umejaza fomu ya tathmini mwishoni. Bango lihifadhi sehemu mbili, kwenye kifaa cha kuhifadhia na kwenye barua pepe yako. Vaa viatu vya chini na shati ambalo mikono yake inakunjika, na kucha ziwe fupi kwa ajili ya warsha.

Kuhusu kuzungumza na wakubwa, usiogope. Mzungumzaji akimaliza mada, usimkimbilie na watu kumi wengine. Msubiri atoke, jitambulishe kwa sentensi moja, kisha toa swali lako lililonolewa. Wengi wao hufurahi kuulizwa jambo la kweli kutoka kazini. Kama ana haraka, mwombe anwani yake na umwandikie usiku uleule, akiwa bado anakukumbuka. Kila jioni andika mambo matatu: nilichojifunza, aliyenifundisha, na nitakachokijaribu. Usiyaache hadi safari ya kurudi, yatachanganyika.

Ukirudi, omba nusu saa ya idara ndani ya wiki ya kwanza. Usiwasimulie kongamano zima. Chagua badiliko moja, kwa mfano kuongeza kwenye utaratibu wenu kwamba kila mama mwenye kovu anayepimwa mimba changa aandikiwe kifuko kiko umbali gani na kovu, na msuli wa mbele una unene gani. Lipitishe kwa daktari bingwa wa radiolojia na wa uzazi, lichape kwa ukurasa mmoja, libandike kando ya mashine. Na mkuu wako aliyekulipia mpe taarifa fupi yenye majibu ya mabanda na gharama ya ile probu. Hiyo ndiyo itakayomwezesha kumpeleka mwenzako mwakani.

Kati ya haya yote, la kwanza kufanya ni ridhaa ya yule mama. Huenda amehama, huenda amebadilisha namba, huenda hayuko tayari kuzungumzia mimba aliyoipoteza, na atastahili kupewa muda bila kusukumwa. Mtafute kesho, kwa upole, kupitia daktari aliyemtibu. Akikataa, waandikie waandaaji mapema uwaulize kama unaweza kubadilisha kisa au kuondoa picha zake. Miezi mitatu kabla ya mkutano wanaweza kukusaidia, lakini bango likishachapwa hawataweza.